Mkurugenzi wa Malori Matatu

Akai Lokol alikuwa mkurugenzi wa kampuni kwa mwaka mmoja na miezi minne kabla ya kupata habari. Muda huo wote alikuwa akichemsha chai katika ofisi ya mwakilishi wa wadi pale Kakuma, kazi aliyoianza baada ya kufiwa na mumewe. Aliifanya vizuri. Chai yake ilikuwa na maziwa ya ngamia alipoyapata na ya unga asipoyapata, na watu waliokuja kutafuta barua au sahihi walijua kwamba wakifika saa nne watapata kikombe, hata kama barua haitapatikana.

Wadi yenyewe nitaiacha bila jina, maana mwakilishi wake yupo na bado tunasalimiana. Tumwite Aregae. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya siasa, na ualimu haukumtoka. Alizungumza polepole, akarudia jambo mara mbili, kisha akauliza kama limeeleweka. Hakuwa mtu mbaya. Mume wa Akai alipofia hospitalini Eldoret, Aregae ndiye aliyetafuta gari la kumrudisha nyumbani Lopur, na siku ya mazishi alisimama juani mpaka jiwe la mwisho likawekwa. Wiki mbili baadaye alimwita Akai akampa kazi. Akai hakuyasahau haya hata mambo yalipoharibika, na hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote.

Akai hakusoma shule. Alizaliwa Lopur katika boma lililokuwa na mbuzi wengi, ukame ukawapunguza mwaka baada ya mwaka mpaka wakabaki wa kuhesabika kwa macho. Kuandika jina lake alijifunzia kanisani, katika darasa la akina mama, ambako mwalimu alisisitiza kwamba kila mmoja awe na sahihi yake badala ya kutia kidole gumba kwenye wino. Sahihi ya Akai ilianza na A kubwa yenye mkia mrefu uliopita chini ya herufi nyingine zote. Aliipenda. Kiswahili alikuwa nacho cha sokoni, kinachotosha. Kiingereza hakuwa nacho kabisa, na kwa kuwa ofisini mambo yote mazito yalisemwa kwa Kiingereza, yeye peke yake aliweza kuingia katika kikao chochote na kutoka bila mtu yeyote kupunguza sauti.

Sasa, Aregae pamoja na kuwa mwakilishi alikuwa na malori matatu ya maji. Wakati wa kiangazi kaunti huyakodi malori kama hayo yapeleke maji shuleni na kwenye zahanati. Aregae alikuwa pia mwanachama wa kamati ya bunge la kaunti iliyosimamia mambo ya maji. Hakuona ubaya. Alikuwa akisema kwamba mtu ambaye hajawahi kumiliki lori la maji hawezi kulisimamia.

Mwaka 2024 ulipoanza, bunge la kaunti likatoa kanuni. Mwakilishi hakuruhusiwa tena kuwa na kampuni inayofanya biashara na kaunti. Wala mkewe, wala watoto wake, wala ndugu zake wa tumbo moja. Aregae aliisoma kanuni ile kama alivyokuwa akisahihisha insha, kalamu mkononi, na alipofika mwisho wa kifungu akaona kwamba orodha imeishia kwa ndugu.

Siku hiyo Akai alikuwa anaosha vikombe. Mheshimiwa alitoka na karatasi nne, akamwomba aweke sahihi kwenye kila moja, na aache nakala ya kitambulisho. Akai aliuliza ni karatasi za nini. Alijibiwa kuwa ni mambo ya ofisi. Alikausha mikono, akaandika A yake na mkia wake mara nne, akarudi kwenye vikombe. Alisema baadaye kwamba alifurahi kidogo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuombwa sahihi na mtu asiye wa kanisa.

Alilala fukara akaamka tajiri, na maisha yakaendelea kama kawaida.

Habari zilimfikia mwezi wa tano mwaka uliofuata, kupitia basari. Binti yake, Nakiru, alikuwa kidato cha pili, na ofisi ya wadi ilikuwa inagawa basari, msaada wa karo, kwa watoto wa familia zisizojiweza. Akai alijaza fomu kama wazazi wengine, au tuseme ilijazwa na Ochola, msimamizi wa ofisi, Mjaluo wa Siaya aliyeletwa Kakuma na kazi na ambaye alikuwa na mwandiko mzuri. Ochola alikuwa mgeni katika ofisi hiyo, hana hata mwaka. Malori aliyajua kwa macho tu. Mwaka huo kamati ya basari ilikuwa imeagizwa ikague kila mzazi kwa namba ya kitambulisho, ili matajiri wasiwanyang'anye maskini.

Kamati ilikaa Alhamisi. Akai aliwapelekea chai na mandazi. Ochola alikuwa anasoma majina kutoka kwenye kompyuta, wanakamati wanatikisa kichwa au wanaitikia, yote kwa Kiingereza. Akai alisikia jina la binti yake. Kisha katekista mstaafu aliyekuwa mwenyekiti alizungumza kwa muda mrefu kwa sauti ya huzuni, na wengine wakaguna kukubaliana naye. Akai akamjazia kikombe. Ochola alikuwa anamtazama Akai, halafu anaitazama kompyuta, halafu anamtazama Akai tena.

Kikao kilipokwisha, Akai alimfuata Ochola mezani akauliza mtoto wake amefanya nini.

Ochola alifunga mlango. Alimweleza kwamba mtoto hakufanya kitu, ila jina lake limekatwa kwa sababu mama yake ni mkurugenzi na mmiliki wa kampuni iitwayo Ngakipi Bora, yenye malori matatu. Mwenyekiti, alipokuwa akizungumza kwa huzuni, alikuwa anasema kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaoiangamiza kaunti.

Akai alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliomba aambiwe tena, polepole. Ochola akamwambia tena. Kisha Akai akauliza malori hayo yako wapi.

"Mama, mimi sitaki kuingia kwa hii maneno," Ochola alisema. "Lakini yanalalaga pale nyuma ya kituo cha mafuta."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Akai alipita nyuma ya kituo cha mafuta. Malori yalikuwepo, meupe, yamepakwa vumbi mpaka madirishani. Dereva mmoja, Ejore, alikuwa chini ya lori la kwanza akikaza kitu. Alikuwa anamfahamu Akai, maana alikunywa chai yake mara nyingi. Wakasalimiana, ejok, ejok nooi, kisha Akai akamwambia kwamba ameambiwa malori hayo ni yake.

Ejore alitoka chini ya lori akafuta mikono. Hakucheka. Alimwambia kwamba yeye huwa anapokea karatasi za safari zenye sahihi ya mkurugenzi, sahihi yenye mkia mrefu, iliyochapwa kwa mashine, na siku zote amekuwa akijiuliza ni ya nani. Akai akachukua kijiti akaiandika sahihi ile mchangani. Ejore aliinama akaitazama.

"Basi ni wewe," akasema. "Shikamoo, mkurugenzi."

Ejore hakuwa anafanya mzaha, nami nimemwuliza mara mbili. Alikuwa amefanya kazi kwa mkurugenzi huyo mwaka mzima bila kumwona na alifurahi kumjua.

Akai aliuliza malori yanaenda wapi siku hizo. Ejore akajibu kwamba kwa wiki tatu yote yalikuwa yanapeleka maji kando ya barabara ya Kalobeyei, ambako mheshimiwa anajenga nyumba ya wageni, na zege linataka maji mengi. Kwenye karatasi safari ziliandikwa shule moja ya upande wa Lopur. Akai aliijua shule hiyo. Watoto wa dada yake walikuwa wanasoma hapo, na wiki iliyopita dada yake alikuwa amelalamika kwamba watoto wamerudishwa nyumbani, tangi limekauka, mwalimu mkuu anasema maji yako njiani.

Akai alikwenda kazini, akachemsha chai, akagawa, akaosha vikombe. Saa nane alivua aproni akavuka kwenda upande wa kambi ya wakimbizi, kwa Pascaline.

Pascaline alikuwa Mkongomani wa Uvira, mkimbizi wa miaka kumi, mwenye saiba ya kompyuta mbili na printa moja ndani ya kibanda cha mabati. Alikuwa mtu wa kusoma kila kitu kwa sauti, hata risiti. Akai alimpa karatasi ya usajili wa kampuni ambayo Ochola, baada ya kusema hataki kuingia kwenye maneno hayo, alikuwa amemchapishia. Pascaline aliisoma kutoka juu mpaka chini, akaisoma tena.

"Mama, hii karatasi inasema ni weye ndiye mwenye kampuni. Weye peke yako. Hakuna mwingine ndani."

Akai aliuliza kama mwenye kampuni anaweza kuandika barua. Pascaline akasema mwenye kampuni ndiye hasa anayeandika barua. Basi wakaandika. Barua ilimwagiza dereva Ejore apeleke lori moja la maji katika shule ile ya Lopur siku ya Jumamosi, na lingine Jumatano. Ilikuwa na mistari mitatu. Akai aliweka sahihi kwa mkono wake mwenyewe, mkia ukafika karibu na ukingo wa karatasi.

Ejore aliipokea barua, akailinganisha na zile nyingine, akaona sahihi ni ileile, tofauti pekee ikiwa kwamba hii ilikuwa na wino wa kalamu. Akaenda. Jumamosi tangi la shule lilijazwa. Jumatano likajazwa tena. Jumatatu iliyokuwa katikati watoto walirudi darasani, na baada ya lori la pili mwalimu mkuu, ambaye hakujua lolote, alimpigia simu mheshimiwa kumshukuru.

Hivyo ndivyo Aregae alivyojua.

Alikuja ofisini siku hiyohiyo. Akai anasema alipoona gari alimwaga sukari. Aregae alimwita ndani, akamwambia aketi, akauliza kama ni kweli amewaagiza madereva. Akai akasema ni kweli. Akauliza ni nani amemfundisha. Akai akasema hakuna, aliambiwa malori ni yake na maji yalikuwa yanahitajika. Mheshimiwa alivuta kiti chake karibu. Hakugomba. Alieleza polepole, kama mwalimu, kwamba kumiliki kwa karatasi na kumiliki kwa kweli ni vitu viwili, kwamba Akai amewekwa tu pale kusaidia, na kwamba jambo hili ni la kuaminiana. Kisha akauliza kama limeeleweka.

Akai akasema limeeleweka, lakini basari ya Nakiru imekatwa kwa kule kumiliki kwa karatasi, si kwa kule kwa kweli.

Mheshimiwa aliahidi kulishughulikia. Alitoa karatasi nyingine mfukoni, ya kumruhusu kijana wa ofisi yake ya Lodwar kusaini kwa niaba ya mkurugenzi, akamsogezea kalamu. Akai aliitazama karatasi, akasema ataiweka sahihi ikishasomwa. Aregae akajitolea kuisoma. Akai akasema, kwa heshima, kwamba angependa isomwe na mtu mwingine.

Aliniambia kwamba katika mambo yote aliyoyafanya mwaka huo, hilo ndilo lililomgharimu zaidi. Alikuwa anamwona mtu aliyesimama kwenye kaburi la mumewe, amekaa mbele yake na karatasi mkononi, na yeye anamkatalia. Alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda mpaka maji yakakauka kwenye sufuria.

Karatasi ile haikusainiwa. Na kabla mheshimiwa hajapata njia nyingine, barua ikaja kutoka Lodwar.

Ilitokana na mswada. Ile kanuni ya mwanzo haikuwaridhisha watu, na bunge la kaunti lilikuwa limeletewa mswada kamili juu ya kazi za pili za wawakilishi, kampuni zao na masilahi mengine wanayoyapata nje ya kiti. Kila mmoja angetakiwa kuorodhesha vyote kwenye rejista ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Kamati iliyoushughulikia ilitaka maoni, ikaandika barua kwa wakurugenzi wa kampuni kumi zinazofanya biashara na kaunti, waje waseme mswada utawaathiri vipi. Barua ya saba ilikuwa ya mkurugenzi wa Ngakipi Bora. Ochola alimsomea akiwa amesimama, kisha akasema tena kwamba yeye hataki kuingia kwenye maneno hayo.

Aregae alishauri aende. Alisema ni heshima kubwa. Alimpa hotuba iliyokwisha andikwa, ukurasa mmoja, akamwambia aisome au asomewe, aseme anaunga mkono mswada, akae chini. Pascaline aliisoma kwa sauti. Ilianza hivi: Mimi kama mwekezaji mwanamke nimejikwamua kwa jasho langu katika sekta ya usambazaji wa maji. Pascaline alisimama hapo, akamwangalia Akai kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndara.

"Niendelee?" akauliza.

Akai akamwambia aendelee, maana alitaka kujua alikuwa amejikwamuaje.

Kikao kilifanyika Lodwar katika ukumbi wenye viyoyozi viwili, kimoja kikifanya kazi. Akai alilala kwa binamu yake mtaa wa Napetet na kufika mapema, amevaa shanga zake zote na koti aliloazimwa na mke wa Ochola. Wanakamati walikuwa saba, wameketi upande mmoja wa meza ndefu. Wa tatu kutoka dirishani alikuwa Aregae. Akai hakuwa amejua kwamba yeye ni mmoja wao. Karani wa kamati, mwanamke aitwaye Mugure, alimwonyesha kiti na kipaza sauti, akamletea chupa ya maji na mkalimani. Akai hakuwahi kuketi mahali ambapo mtu mwingine analeta kinywaji, na kwa muda hakujua aweke wapi mikono.

Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Akoru, mama wa makamo aliyevaa miwani ya kusomea, alimkaribisha akamwomba aeleze kwa kifupi alivyoianzisha kampuni.

Akai alikuwa na ile hotuba mapajani. Anasema aliikunja mara mbili. Kisha akajibu kwa Kiturkana, na mkalimani akaligeuza jibu neno kwa neno kuwa Kiingereza, bila kubadili uso: kwamba yeye hakuanzisha kampuni, alipewa karatasi akiwa anaosha vikombe.

Mwenyekiti aliuliza alipewa na nani.

"Na huyo mheshimiwa, wa tatu kutoka dirishani," Akai akasema.

Kiyoyozi kile kimoja kilisikika vizuri. Mwenyekiti akauliza kama shahidi ana uhusiano wowote na mheshimiwa, wa damu au wa ndoa. Akai akasema hapana.

"Namchemshia chai," akaongeza.

Mtu wa kuandika kumbukumbu aliinua mkono akaomba jibu lirudiwe, kwa ajili ya usahihi. Likarudiwa.

Aregae aliomba nafasi. Alieleza kwa utulivu kwamba huo ulikuwa mpango wake binafsi wa kuwainua wanawake kiuchumi, na kwamba alianza na wale walio karibu. Mwenyekiti aliandika jambo, akamgeukia Akai kuuliza mpango huo umemfaidi vipi. Akai alifikiri kwa uaminifu. Alisema alipeleka maji Lopur mara mbili, na kwamba binti yake amekosa basari kwa kuwa mama yake ni tajiri. Mwanakamati mmoja aliyekuwa mwisho wa meza alianza kukohoa, akatoka nje.

Kisha Akai akaomba aulize yeye. Mugure alitazama utaratibu, akaona hakuna kinachokataza. Akai alisema amesomewa mswada wote na mtu anayesoma kila kitu, na ndani yake kuna mke, kuna watoto, kuna ndugu.

"Mimi niko wapi kwenye hiyo karatasi?"

Mugure alifungua mswada akapitisha kidole ukurasa mzima. Akapitisha tena. "Mama, haumo," akasema.

"Basi nitieni."

Alishukuriwa, akatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, akatoka. Nje, Aregae alimkuta chini ya kivuli cha ukuta akisubiri gari la kurudi. Walisimama pamoja. Mwishowe mheshimiwa alisema kwamba amemwaibisha mbele ya watu. Akai akamwambia kwamba hajasahau Eldoret, wala gari, wala jua la siku ile, na kwamba kama angemwambia ukweli tangu mwanzo, kwamba anataka jina lake afichie malori, huenda angekubali.

"Ungekubali?"

"Wakati ule, ndiyo."

Aregae alitikisa kichwa, akaingia kwenye gari lake. Baada ya kwenda hatua chache gari likarudi nyuma, akamwuliza kama anahitaji lifti, maana wote walikuwa wanakwenda Kakuma. Akai akapanda. Walisafiri saa mbili bila kuongea, isipokuwa Aregae alipomwonyesha mahali ambapo barabara imetengenezwa.

Mswada ulipita baada ya miezi mitatu, ukiwa umeongezwa maneno machache katika kifungu cha tisa: au mtu yeyote aliyeajiriwa na mwakilishi. Mugure ameniambia kwamba katika wiki mbili kati ya kikao kile na kusomwa kwa ripoti, kampuni tano nyingine zilibadilisha wakurugenzi. Mmoja wa waliotolewa alikuwa mtunza bustani. Mwingine alikuwa yaya, ambaye kwenye karatasi alikuwa amejenga kilomita kumi na moja za barabara.

Aregae aliupigia mswada kura ya ndiyo. Alitakiwa achague kati ya malori na kiti, akafikiri mpaka siku ya mwisho iliyoruhusiwa, kisha akayauza malori kwa mfanyabiashara wa Kitale na kueleza redioni kwamba kwa muda mrefu amekuwa akitamani kuwahudumia wananchi bila kugawanya mawazo. Mauzo yalihitaji sahihi ya mkurugenzi. Akai aliiweka baada ya karatasi zote kumi na mbili kusomwa kwa sauti katika kibanda cha mabati, kazi iliyochukua mchana mzima. Alikuwa amekusudia kuomba malori yapeleke maji Lopur mara ya mwisho kabla ya kuondoka, lakini mvua ikanyesha, laga, ule mto wa msimu, likajaa, na kwa siku nne hakuna lori lililoweza kuvuka.

Hakufukuzwa kazi. Baadhi ya watu walisema mheshimiwa aliogopa, wengine kwamba ana moyo. Mimi nadhani ni vyote viwili. Nakiru alipata basari muhula uliofuata, mama yake akiwa ameshuka tena kwenye kundi la wasiojiweza, na katekista mstaafu aliifurahia sana familia hiyo kwa sababu alidhani ni nyingine.

Sheria ilitaka nakala ya rejista iwekwe katika kila ofisi ya wadi, isomwe na yeyote siku za Jumatano. Kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, Ochola huisoma kwa Kiswahili, na Akai huigeuza Kiturkana kwa wanaohitaji. Jumatano mbili za kwanza hakuja mtu. Ya tatu alikuja mzee Ebenyo kutoka Lokiriama, amesafiri kwa siku mbili na kigoda chake. Alikuwa amesikia kwamba mali za wakubwa zinasomwa hadharani. Alikaa, akasikiliza kiwanja kimoja, hisa za chama cha akiba, nyumba ya wageni ya Kalobeyei, na mafunzo ya jioni ambayo mheshimiwa hufundisha mara mbili kwa wiki. Akai alitafsiri yote kwa sauti ya wazi, amesimama wima, bila kuruka neno.

Walipofika mwisho mzee aliuliza ngamia watasomwa lini.

Ochola akapekua. Akamwambia kwamba fomu haina nafasi ya mifugo. Akai akatafsiri. Mzee Ebenyo akasema kwamba mheshimiwa huyo ana ngamia arobaini na mmoja upande wa Lokiriama, anawajua mmoja mmoja kwa sababu ni jirani zake, na yuko tayari kuwataja kwa rangi.

Akai hakutafsiri mara moja. Alikwenda kuleta kiti kingine, akaketi karibu na Ochola, akamwambia achukue karatasi nyeupe. Waliandika mpaka ofisi ikafungwa, wakafika ngamia wa ishirini na sita, mzee akasema atamalizia Jumatano ijayo.